Siku Tatu za Hepeti

Kwa miaka ishirini na sita Hepeti aliwasha umeme wa kisiwa cha Fangaloto, katika ufalme wa Tonga, kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna aliyemwambia ahsante, naye hakungoja kuambiwa. Saa kumi na moja alfajiri alifungua banda, akaijaza injini maji, akaweka kiganja ubavuni mwake kama mama anayempima mtoto homa, kisha akazungusha mpini. Injini ilikohoa mara mbili, ikashika. Ikikohoa ya tatu, basi ni mke wa mchungaji ameanza kupiga pasi. Kila nyumba aliijua kwa namna injini ilivyoguna.

Wapo wanaosema leo kwamba alikuwa mjinga. Waseme. Wengi wao hawajawahi hata kushika spana.

Mkewe alifariki mapema akamwachia binti mmoja, Sulieti. Huyu mapafu yake yaliharibiwa na homa akiwa mdogo, akakua hivyo hivyo, mwembamba, mdomo mkali, hawezi kupanda kilima. Wanawake wa Fangaloto walipogonga magome ya kutengenezea nguo za heshima, yeye hakuweza kushika nyundo, lakini brashi aliishika. Alichora yale maua meusi na mistari ya kahawia mpaka watu wa visiwa vingine wakawa wanauliza, hii imechorwa na nani?

Alipofika miaka ishirini na minane pumzi ikazidi kupungua. Hospitali ya mji mkuu ikampa mashine, sanduku lenye magurudumu, linavuta hewa ya chumbani, linaichuja, na kumpelekea puani kwa mrija. Ilitaka umeme mchana na usiku. Fangaloto zamani ilizimwa saa nne usiku, watu wakalala na taa za mafuta. Siku mashine ilipoingia nyumbani kwa Hepeti, saa nne ilifika, saa tano ikapita, na injini ikaendelea kunguruma. Asubuhi watu wakaamka wakakuta barafu bado ngumu kwenye majokofu yao. Hakuna aliyeuliza kitu. Kisiwa kizima kikapata umeme wa usiku kucha kwa ajili ya mapafu ya mtu mmoja.

Mashine ilikoroma. Sulieti akaiita mume wake.

"Punguzeni sauti," aliwaambia wanawake wakija kuchora, "mume wangu ndiyo kwanza amepata usingizi."

"Mume gani asiyekula?" walimuuliza.

"Ndiyo raha yake. Wenu wanakoroma bure. Huyu akikoroma, mimi napumua."

Hepeti akicheka huko nje alijifanya anakohoa.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Ndipo wakaja wataalamu.

Walikuja na boti ya serikali, watu watatu, na kazi yao ilikuwa kuandika ufalme utapata wapi umeme wake miaka kumi na tano ijayo, na utafanyaje usikatike. Mmoja alikuwa mgeni wa ng'ambo mwenye ndevu nyekundu. Wa pili alikuwa mzee mkimya wa ofisini, wa mji mkuu. Wa tatu alikuwa Melenaite, mtoto wa dada yake Hepeti.

Hapa lazima jambo moja lieleweke. Kwa watu wa Tonga mtoto wa dada yako ni mkubwa wako, hata kama ulimwogesha. Akitaka kitu chako, anachukua, nawe unafurahi. Melenaite alipokuwa na miaka mitano alinyoosha kidole kwa nguruwe wa pekee wa Hepeti akasema, "Yule." Hepeti akachukua kisu huku anacheka. Alipofika tisa mama yake akampeleka Nyuzilandi, akasoma huko mpaka macho yakataka miwani. Sasa alishuka kwenye boti na mkoba wa makaratasi, akamkumbatia mjomba wake pale pale kwenye mchanga.

"Mjomba, umezeeka vibaya!"

"Nilikungoja ndiyo nizeeke. Umekuja na njaa?"

"Nimekuja na maswali."

"Kula kwanza."

Walikula katika ukumbi wa kanisa. Wanaume wanne waliingia wamebeba nguruwe aliyeokwa, mmoja wao akiwa anatetemeka miguu kwa uzito. Mzee Pouvalu, msemaji wa chifu, akafunga vizuri mkeka wake wa heshima kiunoni, akasimama, akasema kama inavyotakiwa kusemwa: "Wageni wetu watukufu, tusameheni. Kisiwa chetu ni kidogo, hatuna kitu. Pokeeni hiki kinyama kilichokonda na viazi hivi vilivyooza, tumeona haya hata kuvileta." Yule mwenye ndevu nyekundu alitazama nguruwe, akatazama kilima cha viazi vikuu, akamwinamia Melenaite amuulize kitu. Melenaite akamkanyaga mguu.

Baada ya chakula wakaanza kazi. Kila mtaalamu alisema rai yake, na hawakukubaliana. Mwenye ndevu alisema jua la Fangaloto linatosha, zifungwe paneli kwenye uwanja nyuma ya shule na betri kubwa ndani ya kontena, basi. Mzee wa ofisini alisema meli ya mafuta inachelewa kila mwaka zaidi ya mwaka uliopita, siku moja haitakuja kabisa, na nchi inayongojea meli haina umeme wake. Melenaite alisema yote hayo kweli, lakini jua likijificha wiki nzima itakuwaje? Yeye alitaka injini ya zamani ibaki, ikae imefunikwa, iwashwe siku mbaya.

"Kuna kisiwa kingine hawana hata injini," mzee wa ofisini akasema, "na wana wodi ya wazazi. Hii ikibaki hapa imefunikwa, kule wanazalisha kwa tochi. Tuwaulize wenyewe. Kama watu wa hapa wanaweza kuvumilia siku tatu bila jua, betri za siku tatu zinawatosha na injini iende. Kama hawawezi, ibaki."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya siku ile. Neno moja kutoka kwa watu wa Fangaloto, na neno hilo lingeamua injini ikae au iende.

Melenaite akauliza ukumbi mzima. Mzee Pouvalu akajibu kwa niaba ya chifu: "Mtoto wetu, sisi ni watu wadogo. Taa zetu ni chache. Msijisumbue kwa ajili yetu." Watu wakaitikia kwa vichwa. Vijana wa ile boti ya serikali walizunguka nyumba kwa nyumba na karatasi, kuna vyombo gani vya umeme, na kila nyumba ikasema taa moja, labda mbili, na redio mbovu. Majokofu yalikuwa vyumba vya nyuma yamefunikwa nguo za magome. Hakuna aliyedhamiria kudanganya. Nani anasimama mbele ya mgeni na kuhesabu mali yake?

Jioni Melenaite akaenda bandani. Hepeti alikuwa anaifuta injini kwa kitambaa.

"Mjomba, pale ukumbini yalikuwa maneno ya ukumbini. Sasa tupo wawili. Wewe ndiye unayeijua kazi hii. Niambie kweli. Bila umeme mnaweza kukaa muda gani?"

Hepeti aliendelea kufuta. Chumba cha Sulieti kilikuwa hatua thelathini kutoka pale, na mkoromo wa mashine ulisikika ukiingia kila injini ilipopumua. Alifungua mdomo. Mbele yake alisimama mtoto wa dada yake, mkubwa wake, amevuka bahari na makaratasi yake, na jibu la "hatuwezi" lingekuwa kumwomba awaachie injini na kuwanyima wale wazazi wa tochi. Alikuwa hajawahi kumwomba kitu.

"Tunaweza," akasema.

"Muda gani?"

"Hata siku tatu. Usihangaike na sisi."

"Na Sulieti?"

"Sulieti yupo. Anapumua tu."

Melenaite alimtazama muda mrefu nyuma ya miwani yake. Kisha akaandika.

Usiku huo huo Sulieti akamgombeza baba yake, maana ukuta wa mabati haufichi kitu.

"Siku tatu! Baba, umeniuliza mimi? Umemuuliza mume wangu?"

"Ni mtoto wa shangazi yako. Nimwambie nini?"

"Mwambie mwanao ana mapafu ya karatasi!"

"Si anakujua?"

"Anajua ulichomwambia." Akanyamaza avute pumzi. "Ungekuwa umemwambia yule nguruwe amekonda, angejua unatania. Hili la hewa halina utani, baba."

"Nitamwambia kesho."

Kesho yake boti iliondoka na maji ya asubuhi. Hepeti alimpungia mkono mpwa wake mpaka boti ikapita mwamba, na hakusema.

Miezi minane baadaye wakaja mafundi. Wakafunga paneli, wakaweka kontena la betri, wakawasha, na kweli ilikuwa kitu kizuri. Kisiwa kikawa kimya. Watu walisikia mawimbi ambayo walikuwa wamesahau kuyasikia. Injini ikafunguliwa nati zake nne kubwa, ikavutwa kwa magogo mpaka ufukweni. Hepeti aliifunga turubai mwenyewe na kumwelekeza fundi: "Waambie waijaze maji asubuhi, si jioni. Na ikikohoa ya tatu wasiogope."

Akarudi bandani akakaa. Sakafuni zilibaki bolti nne zimechomoza kwenye saruji na doa la mafuta la umbo la injini. Aliendelea kwenda kila siku saa kumi na moja alfajiri, akafagia.

Mwaka mmoja na nusu jua liliwatunza. Sulieti alichora, mume wake alikoroma, na Hepeti akaanza kuamini kwamba siku tatu alizozisema zilikuwa kweli.

Kisha ukaja ule mwezi wa pili. Kimbunga chenyewe kilipita mbali, hakikung'oa hata jani la mgomba. Kilichoacha nyuma ni wingu. Jumatatu lilishuka, zito, la rangi ya majivu, likakaa juu ya kisiwa kana kwamba limefungwa kamba. Bahari ikapanda juu ya mwamba, hakuna boti ya kutoka wala ya kuingia.

Jumanne jioni taa zilianza kuwa nyekundu. Hepeti alikwenda kwenye kontena, akatazama kile kioo kidogo chenye namba, akaona namba inashuka upesi kuliko walivyoambiwa. Hakuhitaji mtu wa kumweleza. Yalikuwa majokofu, yote arobaini na kitu, yale ambayo hayakuandikwa.

Jumatano asubuhi akaanza kuzunguka. Lakini Hepeti alikuwa Hepeti. Alisimama mlango wa kwanza akauliza hali ya nguruwe. Akasimama mlango wa pili akasifia viazi. Nyumba saba alizipita hivyo, na ya nane ilikuwa ya Nesi Akesa, mwanamke mnene wa sauti kubwa ambaye hakuwa na muda.

"Hepeti, umekuja kuniuliza nguruwe wangu? Sina nguruwe. Sema."

Akasimama pale na kofia mkononi. "Labda... kama jokofu halina kazi sana..."

"Paaa!" Akesa akapiga makofi. "Sulieti! Mungu wangu, na sisi tunagandisha samaki!" Akatoka barabarani bila viatu akapiga kelele ambayo Hepeti asingeweza kuipiga maisha yake yote. Kabla ya saa sita mchana majokofu yote ya Fangaloto yalikuwa yamezimwa. Nyama ya harusi ya mwezi wa tatu iliharibika, samaki wa mwezi mzima wakatupwa kwa mbwa, nyumba ya mchungaji ikakaa gizani. Hakuna aliyelalamika, na hakuna aliyemhesabia Hepeti alichopoteza.

Kwa sababu hiyo betri zilifika Alhamisi. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, mpaka Alhamisi asubuhi. Siku tatu kamili, kama alivyosema yeye mwenyewe. Kisha zikajifunga. Bado zilikuwa na kitu ndani, namba kwenye kioo ilionyesha hivyo, lakini zimetengenezwa zisikauke kabisa zikafa, kwa hiyo kile kilichobaki zilijiwekea zenyewe. Ufunguo wa kuzilazimisha ulikuwa mji mkuu, na mnara wa simu ulikula umeme huo huo. Hepeti aligonga mlango wa kontena kwa kiganja. Aliweka mkono ubavuni mwake, kama alivyozoea kwa injini, na pale hapakuwa na joto wala mtikisiko. Bati tu.

Akesa alileta mitungi miwili ya hewa kutoka zahanati, ndiyo yote iliyokuwepo. Aliifungulia kidogo kidogo. Ijumaa na Jumamosi zikapita hivyo. Wanawake walikaa na Sulieti kwa zamu, wakampepea, wakamsimulia umbea.

"Mume wangu amenikimbia," aliwaambia Jumamosi, neno moja moja. "Na wanaume... wote... ni hivyo hivyo."

Wakacheka ili afurahi.

Jumapili kabla hakujapambazuka alimwita baba yake karibu. Mtungi wa pili ulikuwa unapiga mluzi mwembamba.

"Baba."

"Nipo."

"Usije ukamsema vibaya Melenaite."

"Siwezi."

"Najua huwezi." Akatabasamu. "Lakini na wewe usijiseme... mdogo... kila siku."

Kengele ya ibada ya kwanza ilipolia, mtungi ulikuwa umenyamaza, na Sulieti pia.

Jumatatu bahari ikashuka. Wingu lilikuwa bado lipo lakini limepasuka pasuka. Boti ya kwanza ilimleta Melenaite. Alikuwa amepata habari ya kimbunga akapanda tu, hakujua, na alipofika ufukweni akaona watu wamevaa nyeusi na mikeka mikubwa iliyochanika, vazi la msiba, ndipo akajua. Akatembea mpaka nyumbani bila kumsalimu mtu. Ndani walikuwa wamemwachia mahali pake, maana marehemu akiwa mtoto wa mjomba wako, wewe ndiye unayekaa kichwani pake. Melenaite akaketi. Sulieti alikuwa amelazwa juu ya mikeka myembamba, na amefunikwa nguo aliyoichora mwenyewe.

Kila kinacholetwa msibani huwekwa mbele ya anayekaa kichwani. Watu wakaingia wakaweka. Mikeka ikapanda mpaka ikamfika kifuani, na yeye akitazama mbele tu. Mwisho akaingia Hepeti. Alikuja amejikunja, akaketi chini kuliko wote, akasukuma mbele yake mkeka wa zamani kabisa, ule wa mama yake, mlaini kama hariri.

"Mkubwa wetu," akasema, "tusamehe. Hatuna kitu. Pokea hiki kikorokoro kisichofaa..."

"Mjomba, acha."

Maneno yale hayakatizwi.

"Usiniambie tena kwamba hamna kitu," Melenaite akasema. "Nilijua. Siku ile bandani nilijua. Mimi ni mtu wa hapa, nilijua siku tatu zako ni kama nguruwe aliyekonda. Lakini karatasi ina mahali pa namba tu, na wewe ulinipa namba, na mimi nikaona haya kukuuliza mara ya pili."

Hepeti aliendelea kuunyoosha ule mkeka wa mama yake.

Wakati huo wingu likaachia. Jua lilipiga bati, likapiga mchanga nje, na likapiga ule uwanja wa paneli nyuma ya shule. Haukupita muda mrefu. Taa ya chumbani ikawaka mchana ule mweupe. Na pale pembeni ya ukuta, ambapo hakuna aliyekumbuka kuizima, mashine ikatikisika, ikavuta pumzi, ikaanza kukoroma.

Mwanamke mmoja akatoa yowe. Mrija ulikuwa umelala sakafuni, na unga wa manjano aliopakwa marehemu ukawa unapeperuka mbele ya ncha yake.

Akesa alinyanyuka aizime. Hepeti akamzuia kwa mkono. Akajikokota kwa magoti mpaka kwenye mashine, akaweka kiganja ubavuni mwake, akakaa hivyo akiusikia mtikisiko wake, watu wote wakimngoja. Nje walikuwa wanangoja na jeneza. Hakuna aliyemharakisha.

Melenaite akasogeza mikeka, akashuka mahali pake pa heshima, jambo ambalo Fangaloto haijawahi kuliona, akaketi sakafuni karibu na mjomba wake.

"Nakuuliza mara ya pili," akasema taratibu. "Bila umeme mnaweza kukaa muda gani?"

Hepeti alitazama mkono wake juu ya mashine.

"Hata saa moja, mwanangu," akasema. "Hata saa moja hatuwezi."

Kisha akaizima.